Vijana wa Jembe Katika Vita vya Mwingereza

Kati ya 1939 na 1945 Waafrika zaidi ya 300,000 kutoka Afrika Mashariki na jirani zake walivaa sare za jeshi la Uingereza. Wengi walikuwa wakulima, na si wote waliotoka shambani kwa hiari yao.

Jeshi halikumwita kijana kwa jina lake. Kilichotoka bomani kilikuwa namba tu: wilaya fulani itoe wanaume kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi. Bwana shauri, ofisa wa Kizungu wa wilaya, aliigawa namba hiyo kwa machifu, machifu wakawagawia majumbe na wazee wa vijiji, na kila mzee akabaki na fungu lake la kujaza kabla lori halijafika. Nani apande lori na nani abaki, hayo yaliamuliwa palepale kijijini na watu waliojuana tangu utotoni.

Kwa hiyo si ajabu kwamba mtoto wa chifu alionekana kwa nadra ndani ya lori hilo. Waliotangulia mara nyingi walikuwa yatima, wageni, wadaiwa wa kodi, vijana waliowahi kumjibu mkubwa vibaya, na wale ambao baba zao hawakuwa na mbuzi wa kumpoza mzee. Matarishi walipenda kuja alfajiri, au siku ya gulio watu wakiwa wamekusanyika. Habari zikivuja, vijana walilala vichakani. Wengine walivuka mpaka wa wilaya, na wengine wakaomba kazi kwa walowezi, kwa kuwa mlowezi naye alikuwa na shida ya vibarua na hakupenda kunyang'anywa watu wake.

Waliopatikana walipimwa kifua, uzito, macho na meno. Wenye maradhi na wadhaifu walirudishwa makwao, na hawakuwa wachache. Waliofaa walitia dole gumba kwenye karatasi ya mapatano ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Kuanzia hapo serikali iliwahesabu kuwa wamejiunga.

Hiari ya kusukumwa

King's African Rifles, jeshi ambalo raia walizoea kuliita Keya, liliundwa mwaka 1902. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, lilikuwa na askari wa Kiafrika wapatao 3,000 tu, kuanzia Nyasaland hadi mpaka wa Ethiopia. Vita vilipokwisha, Kenya ilikuwa imetoa watu karibu 98,000, Tanganyika karibu 87,000 na Uganda karibu 77,000. Waliobaki walitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, Rhodesia Kaskazini na kwingineko.

Si wote walioshika bunduki. Walikuwapo madereva, wapishi, makarani, wauguzi, mafundi wa simu za upepo, na jeshi kubwa la vibarua waliochimba mahandaki, kupasua barabara na kupakua meli chini ya kikosi kilichoitwa East African Military Labour Service. Kibarua huyo alivaa sare na kuapa kama mwenzake, lakini mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa askari wa bunduki.

Maofisa wa Kiingereza walishika kauli moja: askari wa bunduki amejitolea, anayeweza kulazimishwa ni kibarua. Kanuni za ulinzi za wakati wa vita ziliwapa magavana uwezo wa kuamuru wenyeji wafanye kazi za jeshi, na kwenye karatasi mpaka kati ya makundi hayo mawili ulionekana wazi. Chifu, hata hivyo, alikuwa na njia moja tu ya kupata watu. Kuruta aliyepelekwa bomani na tarishi angeweza kuishia kwenye sepeto au kwenye bunduki, kutegemea kimo chake, afya yake, na sifa ambazo wazungu walikuwa wamelipachika kabila lake.

> Kwenye karatasi, aliyejitolea na aliyelazimishwa walitenganishwa wazi. Chifu alikuwa na njia moja tu ya kupata watu.

Sifa hizo ziliamua mengi. Wakamba, Waacholi, Wahehe, Wangoni na Wayao walihesabiwa kuwa watu wa vita. Wakikuyu walidhaniwa kuwa wajanja mno kupewa bunduki, wakaelekezwa zaidi kwenye ukarani, udereva na kazi za mikono. Elimu hiyo ya makabila haikuwa na msingi wowote zaidi ya mazoea ya maofisa, lakini ilimpanga mtu mahali pake kwa miaka mitano.

Wapo waliokwenda kwa miguu yao wenyewe, na hawa wasisahauliwe. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu askari wa kawaida wa Keya, anaonyesha kuwa watu walijiandikisha kwa wingi pale njia nyingine za kupata fedha zilipoziba. Ukambani ni mfano mzuri. Machakos ardhi ilikuwa imechoka na kumomonyoka, na mwaka 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya watu mifugo kwa madai kwamba imezidi, hadi Muindi Mbingu akawaongoza maelfu kwenda Nairobi kulalamika. Kijana wa huko aliyepanda lori mwaka uliofuata hakukamatwa na mtu. Alikuwa anahitaji fedha ya kodi na ng'ombe wa mahari, na jeshi lilikuwa mwajiri anayelipa.

Wazazi walikuwa na hofu yao ya zamani. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza walikusanya mamia ya maelfu ya wapagazi katika eneo hili, na kwa hesabu zao wenyewe vifo vilikaribia 100,000, vingi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1940 watu wa makamo walikuwa wanakumbuka vizuri kaka zao walioondoka na mizigo wasirudi. Ahadi ya bwana shauri kwamba safari hii mambo ni tofauti ilipokelewa kwa adabu, na vijana wakaendelea kulala porini.

Kuruta kambini

Kambini siku ilianza kwa tarumbeta kabla ya jua. Gwaride, mbio, kulenga shabaha, kusafisha bunduki, gwaride tena. Kabla ya vita askari wa Keya alikuwa akipiga gwaride bila viatu, na kwa kuruta wengi buti la jeshi lilikuwa kiatu cha kwanza maishani. Malengelenge yalikuja kabla ya vita vyenyewe.

Chakula kiliwashangaza. Posho, maharage, nyama, samli, sukari na chai vilikuja kila siku bila kutegemea mvua. Madaktari walishuhudia kuruta wakiongezeka uzito ndani ya wiki chache, licha ya kukimbizwa kutwa. Ni shahada mbaya kwa utawala uliokuwa umekaa nchini kwa miongo kadhaa: ili kijana wa shambani ale akashiba, ilibidi kwanza awe mali ya jeshi.

Lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, kile cha kambini kilichopunguzwa ngeli na kuchanganywa na maneno ya gwaride, ambacho mtu wa Lamu angekisikiliza kwa subira tu. Hata hivyo kilimwezesha Mluo kupewa amri na sajini wa Kiyao. Kuanzia 1942 kikosi cha elimu cha jeshi, ambacho walimu wake walifundishwa Jeanes School, Kabete, kilipita vikosini kufundisha kusoma, kuandika na habari za dunia. Maelfu waliojiunga kwa dole gumba walirudi wanaweza kuandika barua.

Kwa upande mwingine ngazi ilikuwa na dari. Mwafrika aliweza kuwa koplo, sajini au sajini meja, lakini kikosi kiliongozwa na maofisa wa Kizungu, na makoplo na masajini wa Kizungu walisambazwa humo humo. Kijana wa Kizungu aliyefika jana alimwamuru sajini aliyekwisha kupigana Ethiopia. Na kiboko kiliendelea kutumika kwa askari wa Kiafrika, ingawa jeshi la Uingereza lilikuwa limekifuta kwa askari wake tangu 1881.

Mogadishu, Addis Ababa, Madagaska

Vita vya kwanza vilikuwa karibu na nyumbani. Februari 1941 vikosi kutoka Kenya, pamoja na vya Afrika Kusini na Afrika Magharibi, viliingia Somalia ya Kiitaliano. Mogadishu iliangukia mikononi mwao tarehe 25 mwezi huo, Addis Ababa tarehe 6 Aprili, na Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano, mwishoni mwa Novemba. Mwaka 1942 brigedi ya Afrika Mashariki ilipelekwa Madagaska, iliyokuwa chini ya Wafaransa wa Vichy. Vibarua wa jeshi walikuwa wakati huo wamekwisha kufika Mashariki ya Kati.

Wengi walidhani kazi imekwisha. Walikuwa wamemwondoa Mwitaliano mlangoni, na likizo ndiyo iliyotarajiwa. Badala yake zikaja meli za kwenda Ceylon.

Njia hiyo ya bahari haikuwa salama. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na watu wapatao 1,500, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama ndani ya dakika mbili. Ndani yake kilikuwamo kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake wa Kiingereza na wa Afrika Kusini. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zinaisindikiza zilitupa mabomu ya kina majini kuiwinda nyambizi, watu wakiwa bado wanaelea hapo juu. Walikufa karibu 1,300.

Kijana aliyezaliwa Tabora au Kitui pengine hakuwa amewahi kuiona bahari kabla ya kupakiwa kwenye meli kama hiyo, na kuogelea hakufundishwa.

Bonde la Kabaw

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyobeba alama ya kifaru begani, iliundwa mwaka 1943 na kufanya mazoezi ya msituni Ceylon, Sri Lanka ya leo. Katikati ya 1944, Wajapani waliposhindwa Imphal na Kohima, ilipewa kazi ya kuwafuata kupitia bonde la Kabaw, mpakani mwa India na Burma, hadi mto Chindwin. Desturi ilikuwa vita visimame wakati wa masika. Jenerali William Slim, kamanda wa Jeshi la 14, aliamua visisimame, na divisheni ikaingia bondeni mvua zikiwa zimepamba moto.

Tope lilifika magotini. Malori yalikwama, barabara zilifunikwa kwa magogo ili zipitike, na hata hizo zilipokatika, kila kitu kilitegemea ndege za Dakota zilizodondosha unga, risasi na dawa kwa miavuli. Siku ambazo mawingu yaliziba bonde, askari walipunguziwa posho. Majeruhi walibebwa kwenye machela hadi kwenye viwanja vidogo vilivyofyekwa msituni, ndege nyepesi zikawachukua mmoja mmoja.

Mkulima alijikuta bado analima. Kila jioni kikosi kilipotua, kila askari alichimba shimo lake la kujikinga kabla ya kula, kwenye udongo uliojaa maji na mizizi. Asubuhi aliliacha na kwenda kuchimba jingine kilomita chache mbele. Wajapani walioachwa nyuma kuchelewesha safari walijificha kwenye mahandaki yaliyofunikwa kwa magogo na udongo, yasiyoonekana hadi mtu awe hatua chache tu. Kazi ya kuyatafuta ilifanywa na doria za watu wachache, na ndiyo iliyoua wengi waliouawa kwa risasi.

Maradhi yaliangusha watu wengi zaidi kuliko Wajapani: malaria, kuhara, na homa ya utitiri wa vichakani. Bonde hilo lilikuwa limesifika kwa malaria tangu zamani. Kila siku askari walipanga mstari na kumeza kidonge cha mepakrini, kiongozi akiwatazama midomoni ili wasikiteme. Slim alikuwa akiagiza ukaguzi wa ghafla wa vikosi vyake, na askari wengi wasipokutwa na dawa mwilini, kamanda wao alifukuzwa kazi. Katika jeshi zima aliwafukuza watatu, wengine wakaelewa.

Tarehe 2 Desemba 1944 Divisheni ya 11 iliingia Kalewa, kwenye ukingo wa Chindwin, kisha ikavuka na kushika ng'ambo. Siku chache baadaye mainjinia walikamilisha hapo daraja la kuelea la futi 1,154, refu kuliko yote ya aina yake kwa wakati huo, na jeshi likapita kuelekea Mandalay. Divisheni ilitolewa mstari wa mbele kupumzishwa. Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki iliendelea, ikapigana kwenye mto Irrawaddy mwanzoni mwa 1945.

Burma ilifundisha mambo ambayo hayakuwamo kwenye ratiba ya mafunzo. Waruhiu Itote, mtoto wa wakulima wa Nyeri aliyejiandikisha Januari 1942, ameeleza katika kumbukumbu zake za mwaka 1967 jinsi askari wa Kiingereza alivyomwuliza huko Kalewa kwa nini anaipigania dola ya wengine badala ya nchi yake. Itote alikosa jibu. Kabla ya miaka kumi kupita alikuwa msituni Mlima Kenya akipigana na Waingereza, akiitwa Jenerali China.

Shamba lilimwitaje?

Kijana mmoja alidaiwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Jeshi lilimtaka awe askari. Walowezi wa Kenya na wenye mashamba ya mkonge Tanganyika walimtaka awe kibarua, na dai lao likapata nguvu mwaka 1942, Wajapani walipoteka Ufilipino na visiwa vya Kidachi na hivyo kuzikata nchi za washirika na kamba zao. Mkonge wa Tanga ukawa bidhaa ya vita, na serikali ikaanza kuwalazimisha watu kuukata. Kenya nako vibarua walilazimishwa kufanya kazi mashambani mwa watu binafsi, kwa hoja kwamba chakula cha jeshi ni kazi ya taifa.

Dai la tatu lilikuwa la shamba lake mwenyewe, na halikuwa na mtu wa kulitetea mbele ya bwana shauri. Kufyeka pori jipya, kujenga maghala na kupandisha boma la ng'ombe zilikuwa kazi za wanaume. Walipoondoka, wake na mama zao walilima palepale palipolimwa mwaka jana, eneo dogo zaidi na udongo uliochoka zaidi. Mwaka 1943 ukame ulipoipiga Kenya na sehemu za Tanganyika, njaa ikaingia kwenye nyumba ambazo nusu ya mikono yake ilikuwa Ceylon.

> Dai la tatu lilikuwa la shamba lake mwenyewe, na halikuwa na mtu wa kulitetea mbele ya bwana shauri.

Bei za mahindi zilizidisha uchungu. Serikali ya Kenya ilimhakikishia mlowezi bei ya mahindi yake, na ikamlipa Mwafrika bei ya chini kwa gunia lile lile. Maofisa wa kilimo walitetea mpango huo kwa kusema mlowezi ndiye anayelisha jeshi. Askari aliyesoma habari hizo katika barua kutoka nyumbani alikuwa na haki ya kujiuliza nani hasa anayelisha nani.

Fedha zilifika kwa njia ya bomani. Askari alikatwa sehemu ya mshahara, ikapelekwa wilayani kwake, na mke au baba akaenda kuipokea kwa karani. Safari ya kwenda bomani iliweza kuchukua siku nzima, na mara nyingine jina halikuonekana kitabuni. Nani apokee, mke au baba, lilikuwa shauri lililojaza mabaraza ya machifu. Barua ziliandikwa kwa Kiswahili na mwenzake anayejua kuandika, zikapita kwa mkaguzi wa jeshi, kisha zikasomwa nyumbani na mwalimu wa misheni au karani. Siri ya mtu na mkewe ilipita kwenye macho ya watu watatu kabla ya kufika.

Kurudi na kiinua mgongo

Japani ilisalimu amri Agosti 1945, lakini meli zilikuwa chache na askari wengi walirudi katika mwaka wa 1946. Walikabidhi bunduki na sare, wakapewa akiba yao na kiinua mgongo, na tiketi ya gari moshi.

Serikali ilikuwa imejiandaa zaidi kuwaogopa kuliko kuwapokea. Kabete kulifunguliwa kozi za ufundi na biashara. Wengi walitaka leseni za maduka na malori, na waliozipata walikuta wafanyabiashara wa zamani wamekwisha kushika bei na wauzaji wa jumla. Akiba ya miaka minne iliisha kwenye duka la mabati lililofungwa ndani ya miezi michache. Wakati huo huo Kenya ilikuwa inatekeleza mpango wa kuwapa ardhi na mikopo maofisa wa Kizungu waliotoka vitani. Askari Mwafrika aliyepigana chini ya maofisa hao alirudi kwenye kishamba kilekile alichokiacha, mara nyingine kikiwa kimegawanywa na ndugu.

Wengi walishika jembe tena na hawakusikika. Wachache waliingia siasa. Bildad Kaggia, aliyekuwa karani wa jeshi, alikuja kushtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Tanganyika, Abdulwahid Sykes, aliyetumikia Burma, alikuwa miongoni mwa waliokigeuza chama cha TAA kuwa TANU mwaka 1954.

Ubishi uliobaki ni wa fedha. Februari 2019 Al Jazeera ilitangaza hati ya zamani iliyoonyesha kwamba kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi. Mzungu wa cheo cha chini aliyeishi katika makoloni ya Afrika alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu. Upande wa upinzani katika Bunge la Uingereza ulidai uchunguzi na kuombwa radhi kwa maveterani. Wizara ya Ulinzi ilijibu kwa kuwashukuru wote waliotumikia.

Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2018, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza karibu pauni milioni 12 kwa miaka mitano, zipite katika shirika la hisani la maveterani wa Jumuiya ya Madola, ili askari wa zamani na wajane wapatao 7,000 katika nchi mbalimbali wapate milo miwili kwa siku. Waliotoa waliita msaada. Wadai wanasema walichokuwa wanataka ni malipo, kwa kiwango kile alicholipwa Mzungu wa cheo chao, na kwamba tofauti hiyo haikuwahi kulipwa.